Kona Moja ya Mchemraba wa Mumbua

Jumatatu, Julai 1999. Ukunda.

Tangu alfajiri ni rasharasha tu, haikazi ikaisha wala haikati. Mashuka tuliyoanika nyuma ya dobi tumeyaanua mara tatu. Sasa ni baada ya laasiri, nimekaa barazani kwetu na daftari hili magotini, vidole vimenywea kwa maji ya sabuni. Kuna jambo nililifanya juzi Jumamosi. Nataka niliandike kama lilivyokuwa, si kama nilivyokuwa nikijisimulia.

Nilimdhulumu Mumbua.

Mumbua ni mtu wa Machakos. Alikuja Diani miaka saba iliyopita, na karibu muda wote huo alikuwa mapokezi katika hoteli tunayofanya kazi. Mimi nilianzia dobi na niko dobi. Kwa kawaida watu wa mapokezi hawaijui njia ya kwetu, lakini yeye alikuwa akija saa ya chakula, anakaa juu ya kapu la taulo, anakula mihogo yangu ya nazi nami nakula muthokoi wake wa mahindi yaliyokobolewa. Tukawa marafiki hivyo, kwa kubadilishana vibakuli.

Ndiye aliyenionyesha mchemraba. Mgeni mmoja mzee wa Kijerumani alimwachia miwili siku aliyoondoka, pamoja na kijitabu cha picha. Pale dobi wanauita kiboksi cha rangi. Una pande sita, kila upande rangi yake; ukishachanganywa, kazi yako ni kuzungusha safu zake mpaka kila rangi irudi upande wake. Mumbua alijifunza peke yake kwa kile kijitabu. Mimi nilifunzwa naye. Mmoja wa ile miwili akanipa niwe nao, na hakuwahi kuniuliza nitaurudisha lini.

Mwaka jana, baada ya zile mvua kubwa zilizokata barabara, Mumbua akashikwa na malaria ikampanda kichwani. Siku nane hakujua jina lake. Aliporudi kazini akachanganya funguo mara mbili, na mara ya pili wageni wakafunguliwa chumba ambamo watu wengine walikuwa wamelala. Meneja akamshusha dobi, "mpaka utakapopata nafuu."

Nafuu aliipata. Lakini maneno hayakuondoka. Mimi nikisahau pasi kwenye moto, nimesahau pasi. Yeye akisahau sindano, watu wanatazamana.

Alikuwa akiniambia, "Mwanasha, mimi niko sawa. Kila nikiupanga huu mchemraba ukakubali, najua niko sawa. Kichwa kilichoharibika hakiwezi."

Basi Mwalimu Chidzuga, anayesomesha hesabu, alipotangaza mashindano ya mchemraba katika ukumbi wa hapa Ukunda, Mumbua alikuwa wa kwanza kuandikisha jina. Mimi nikawa wa pili. Meneja wetu alialikwa awe mgeni wa heshima, na Ijumaa akatusimamisha mlangoni pa dobi, akasema nafasi moja ya mapokezi iko wazi. "Nitakuja kuwatazama. Nahitaji mtu mwenye kichwa chepesi." Aliyasema kama utani. Sisi hatukucheka.

Miaka sita niko dobi. Naandika hivyo si kujitetea. Naandika kwa sababu ndiyo niliyokuwa nikiihesabu kichwani Jumamosi nzima.

Tulikuwa washindani kumi na mmoja. Wengi ni wanafunzi wa Mwalimu, na mmoja ni fundi redio wa Tiwi aliyetufanya tucheke kwa vile alivyoupuliza mchemraba wake kabla ya kuanza. Kila mtu alikuja na wake. Mwalimu anauchanganya, anauweka mezani chini ya kitambaa, anakitoa kitambaa na papo hapo anabonyeza saa. Mumbua alimaliza kwa dakika moja na sekunde kumi. Ukumbi ulipiga makofi mpaka meneja akasimama. Mimi nilimaliza kwa dakika moja na nusu. Tukabaki sisi wawili kwa fainali.

Kabla ya fainali kukawa na mapumziko mafupi. Mumbua akanijia, mikono imemtoka jasho, akicheka. "Mwanasha, wangu umeanza kukwama. Si uko na yale mafuta yako ya nazi? Nitilie matone mawili, nikanawe mikono narudi."

Akauweka mkononi mwangu, akaenda.

Nilitia mafuta. Halafu kona moja ikateleza kidoleni, ikageuka mahali pake.

Nimeyakata kwa kalamu maneno hayo hapo juu, lakini nayaacha yasomeke. Haikuteleza. Niliigeuza mimi.

Mambo yako hivi. Kona ya mchemraba, ukiilazimisha kwa kidole gumba, inaweza kugeuka peke yake bila safu nzima kuzunguka. Ikishageuka, hakuna aliyezaliwa na mwanamke atakayeupanga mchemraba huo kwa kuuzungusha. Utapanga kila kitu, mwishoni ibaki kona moja imekutazama vibaya, na ukirudia itabaki tena. Mimi nililijua hilo kwa sababu wangu uliwahi kuanguka sakafuni dobi, kona ikachomoka, nikairudisha vibaya. Nilihangaika siku mbili kabla ya kuelewa. Mumbua hakulijua. Sikumwambia, maana mchemraba ulikuwa wa kwake na niliona haya kwamba nimeuangusha.

Niliigeuza ile kona, kisha nikauzungusha mchemraba huku na huku kama mtu anayesambaza mafuta, ili isionekane. Aliporudi nikamwambia, "Tayari, dada." Akaniambia ahsante.

Akaniambia ahsante.

Fainali tuliketi tukitazamana. Mimi nilimaliza kwa dakika moja na sekunde arubaini, polepole kuliko mwanzo. Watu hawakushangilia, kwani walikuwa wanamtazama Mumbua. Alikuwa amekwisha panga wote isipokuwa kona moja. Akarudia hatua za mwisho. Kona ile ile. Akazivunja rangi, akapanga upya, midomo inamcheza kama anayesoma. Kona ile ile. Mwalimu akasema muda umekwisha. Msichana mmoja nyuma yangu akamnong'oneza mwenziwe, "Si ndiye yule aliyeugua kichwa?"

Mumbua alilisikia. Nililiona likimwingia.

Alinipa mkono kwa adabu. Alipokuwa anafunga mkoba akaniambia kwa sauti ya chini, bila chuki, "Basi ni kweli wanavyosema. Kichwa hakikurudi chote."

Hapo ndipo ningesema. Meneja alikuwa hatua tatu kutoka kwetu, na Mwalimu bado ana ile saa mkononi. Nilifungua mdomo, nikasema, "Pole."

Nikapewa redio ndogo na cheti. Meneja akaniambia Jumatatu nije mapema nichukue sare ya mapokezi.

Jana asubuhi Mama alikuwa na ile redio mapajani, amevaa kanga yake ya kutokea kana kwamba watangazaji wanamwona. Alikuwa akiwaambia majirani mwanawe amewashinda watu wa shule. Mimi nilikaa jikoni na mahamri siwezi kuyameza. Nilikuwa namkumbuka ustadhi wetu wa chuoni, alivyokuwa akitufunza kwamba dhambi baina yako na Mwenyezi Mungu utamwomba Yeye, lakini haki ya mja haifutwi na sala wala saumu mpaka mja mwenyewe aachilie. Tulikuwa tukiyaimba maneno hayo kwa sauti moja, tukisubiri turuhusiwe kwenda nyumbani.

Nikaenda kwa Mumbua, saa ya kutoka kanisani.

Mlango wake ulikuwa wazi. Kitandani kulikuwa na sanduku, na nguo nusu zimekwisha kunjwa ndani.

"Karibu," akasema. "Nimeamua nirudi nyumbani Machakos. Mtu asiyejua kichwa chake kikoje hafai kuishi peke yake ugenini. Wacha nikae karibu na mama."

Nilisimama pale pale mlangoni, sikuvua viatu. Nikasema, "Dada Mumbua, kichwa chako hakina kitu. Ni mimi. Niliigeuza kona wakati wa kutia mafuta."

Hakuelewa. Ilinibidi niseme tena, na mara ya pili ilikuwa mbaya zaidi, kwa sababu ilibidi nieleze. Nilijua mchemraba hautapangika. Nilifanya kwa makusudi. Nilitaka mapokezi.

Alikwenda kwenye mkoba, akautoa mchemraba. Ulikuwa vile vile alivyouacha ukumbini, rangi zote mahali pake isipokuwa kona moja.

"Hii?"

"Hiyo."

"Irudishe."

Niliirudisha kwa kidole gumba. Ikalia kidogo, tak. Mchemraba ukawa mzima, pande zote sita. Akaninyang'anya, akauvuruga mwenyewe kwa nguvu, akaketi ukingoni mwa kitanda akaupanga. Hakukuwa na saa, lakini nadhani haikufika dakika. Alipomaliza akauweka juu ya nguo zake, akajifunika uso kwa viganja, na mabega yakaanza kumtikisika. Nilidhani analia kwa hasira. Halafu nikamsikia, "Niko sawa. Haki ya Mungu, niko sawa." Alikuwa amesahau kama nipo.

Kisha akakumbuka.

"Usiku kucha nimejiuliza kama nitamjua mama yangu nikimwona," akasema. "Wewe unajua hiyo ni nini?"

Nikalitazama sanduku lake kitandani.

"Mimi umeniambia. Sasa kawaambie wale waliokuwa ukumbini. Na usiniombe msamaha leo, Mwanasha. Leo sina."

Nilipofika nyumbani nilimwambia Mama yote. Hakunigombeza. Aliizima redio, akaitoa betri, akaifunga katika kitambaa, akasema, "Irudishe kabla sijaizoea." Nikaipeleka kwa Mwalimu pamoja na cheti. Mwalimu Chidzuga alinisikiliza mpaka mwisho, akasema atawaeleza wanafunzi wake kwenye foleni ya asubuhi, na atalitaja jina langu. Nikamwambia ndivyo inavyostahili. Mdomo ulisema hivyo. Moyo ulikuwa unamwomba asilitaje.

Leo saa mbili niliingia kwa meneja.

Alicheka! Akaniambia, "Mwanasha, huo ni mchezo wa watoto. Mimi nilikutazama ulivyotulia mbele za watu. Hilo ndilo nililokuwa nikilitafuta. Chukua sare, nenda mapokezi."

Nitaandika na hili, maana hakuna mwingine anayelijua. Niliichukua. Nilifika nayo mpaka mlangoni, mkono ukiwa juu ya kitasa, na kichwani nilikwisha kujipangia maneno: nimeungama, nimekataliwa kukataa, nifanye nini tena? Kitambaa kilikuwa chepesi na kimepigwa pasi vizuri. Pengine nilikipiga mimi mwenyewe.

Nikageuka. "Bwana meneja, nilikuwa nimetulia kwa kuwa nilijua hawezi kunishinda. Tafadhali mwite Mumbua."

Alikuja na aproni ya dobi, miguu imelowa. Meneja, nusu kwa mzaha, akamsogezea mchemraba wangu, niliouweka mezani nilipokuwa nikimweleza habari ya kona. "Hebu panga nione."

Mumbua hakuugusa. "Kwa heshima yako, bwana, huyo anajua naweza. Wewe hutafuti mtu wa kupanga rangi. Fungua kitabu cha wageni uniulize chumba chochote. Wiki nzima nimefua mashuka yao."

Meneja akakifungua. "Ishirini na tatu."

"Mama na binti yake, kitanda cha ziada. Wanaondoka Alhamisi."

"Tisa."

"Mzee mmoja. Anataka mito mitatu, na taulo zake zisiwekwe manukato."

"Thelathini na moja."

"Hakuna mtu tangu Jumamosi. Bomba linavuja. Tuliwaambia mafundi, hawajaja."

Alimwuliza vyumba kumi. Kidole chake kilikuwa kikishuka kwenye kitabu, na kila kilipofika kilisimama, kisha kinaendelea. Mwisho akakifunga, akamtazama kama anayemwona kwa mara ya kwanza tangu augue. "Wiki mbili za majaribio," akasema. "Anza leo."

Mimi ndiye niliyempa ile sare. Ilikuwa mkononi mwangu. Aliipokea bila kunitazama.

Nilirudi dobi, nikawaeleza wenzangu yote, nimesimama kati ya mashine. Hawakunitukana. Waliendelea kukunja. Mwanamke mmoja tuliyeanza naye kazi siku moja alilivuta kapu lake akalisogeza upande wa pili wa meza.

Saa tisa nilipita mapokezi na rundo la taulo za kwenye bwawa. Mumbua alikuwa nyuma ya kaunta, nywele amezibana, kalamu mkononi, anamweleza mgeni njia ya Msambweni. Alimaliza, akainua uso, akaniona. Akatabasamu.

"Karibu," akasema. "Nikusaidie?"

Ni tabasamu lile lile alilompa mgeni, na sauti ile ile.

"Ni taulo tu," nikasema.

"Ahsante. Ziweke pale."

Nikaziweka pale.

Kazi yake ameipata, na akili yake imeshuhudiwa. Mimi bado nina deni ambalo maneno hayatoshi kulilipa. Kesho nitapita tena na taulo, nitamwamkia kwa jina lake, na nitalipokea jibu lolote atakalonipa, hata likiwa hilo hilo, hata kwa mwaka mzima.