Kamera Mbili na Mpaka wa Tata

Doha, Ijumaa, baada ya misa

Kwako mdogo wangu Audax, nyumbani Kanazi.

Nakusalimu wewe na wote waliolala chini ya paa la tata, marehemu baba yetu. Mama anaamkaje? Macho yake je, ukungu umezidi, au bado anaona vya karibu? Shemeji na watoto hawajambo? Nasikia mvua huko zimepiga sana mwezi huu, na najua njia ya kushuka Kemondo ikilowa inavyokuwa. Mimi mwili ni mzima. Nasema mwili, kwa sababu kilichobaki si kizima, na ndicho kilichonikalisha kuandika. Kabla hujaendelea, tafuta mahali ukae. Mwambie shemeji asikuite kwanza.

Najua utajiuliza kwa nini barua wakati simu ipo. Ujumbe wa simu nimekujua, unausoma robo halafu unaniambia mtandao ulikuwa mbaya. Karatasi hii anakuletea Respicius, yule mtu wa Muleba tunayefanya naye kazi bohari moja hapa, anakuja likizo. Nimemwomba akupe mkononi na akae nawe mpaka uifikishe mwisho. Usimkasirikie, hajui kilichomo.

Nianze na kamera, maana ndizo zilizotufikisha hapa.

Ulinipigia ukiwa na huzuni. Ukaniambia ile kamera niliyokuachia nilipokuwa nasafiri imechoka, na kwamba kwenye harusi ya Kibeta ilizima bibi harusi akiwa mlangoni mwa kanisa, watu wakakucheka. Audax, niliumia kama vile mimi ndiye niliyechekwa. Kazi hiyo nilikufundisha mwenyewe. Nilikushika vidole juu ya ile pete ya lenzi wakati bado unaogopa kuigusa. Nikakuahidi siku ileile kwamba nitakununulia mpya, hizi za siku hizi zisizo na kioo ndani, na kwamba nitakuchagulia kwa kupima, siyo kwa kusikia. Sikutaka kuwa nshomile, msomi wa kujifanya najua.

Basi nikaingia kazini. Ijumaa zangu zote, siku yangu moja ya kupumzika, zikaishia kwenye duka la kamera. Yule muuzaji alinichoka hadi akanizoea, akawa ananiwekea zote mbili juu ya kaunta akiniona tu mlangoni. Ya kwanza ilikuwa ile ya sensa kubwa, kile kipande cha ndani kinachonasa mwanga. Kwenye mwanga hafifu inaona vizuri, na uso wa mtu mweusi unatoka na rangi yake, hauwi wa kijivu. Ila ni nzito, lenzi yake peke yake ni mzigo, na ina nafasi ya kadi moja tu ya kuhifadhia picha. Ya pili sensa yake ni ndogo, lakini ni nyepesi, inachukua kadi mbili kwa pamoja, betri yake inavumilia, na imezibwa mvua isipenye. Nikaifikiria mvua ya Bukoba. Nikafikiria harusi inayoanza asubuhi kwa kina bibi harusi na kumalizika ukumbini, wewe umeibeba shingoni kutwa nzima. Nikafikiria ile kadi moja ikiharibika na misa yote imo humo, utamwambia nini mama wa bibi harusi. Moyo wangu ukaanza kuegemea ya pili. Wewe ukawa unaitaka ya kwanza, na ulikuwa na haki yako, mpiga picha ni wewe.

Tukabishana vizuri, kama zamani. Sijacheka na wewe hivyo tangu niondoke. Nataka ulijue hilo, kwa sababu wakati nacheka nawe ulikuwa tayari umeshafanya ulilolifanya.

Mimi ndiye niliyesema taa za dukani zinadanganya, kila kamera inapendeza chini yake. Nikakuomba uazime zote mbili huko nyumbani, ile kubwa kwa yule mpiga picha wa Kibeta na ile ndogo kwa mwenzake Adventina wa Kemondo, ili tuone zinavyofanya kwenye kivuli cha migomba, maana ndipo kazi yetu ilipo. Mama akae kwenye kiti nyuma ya nyumba, palepale, saa ileile, apigwe na zote mbili. Ulikubali haraka.

Za kamera kubwa zilikuja kwanza, picha tatu. Ukanisifia: tazama kaka, nyuma yote imeyeyuka, amebaki mama peke yake. Na kweli nyuma yake kulikuwa na kijani tu kilichotandazwa, huwezi kusema huu ni mgomba au ule ni mbuni wa kahawa. Uso wa mama ulitoka vizuri hadi nikafuta machozi palepale bohari. Nikakuuliza, na ya Adventina je? Ukasema bado, Adventina ana kazi nyingi. Wiki ikapita. Nikakuuliza tena. Ukasema ya nini, kaka, hii si umeiona? Mimi nikang'ang'ania, kwa sababu mtu hawezi kulinganisha kitu kimoja. Sijui hadi leo kama ulikuwa unakwepa au ulikuwa mvivu tu. Ningependa iwe uvivu.

Mwishowe Adventina alikuja nyumbani na kamera yake. Alitaka na wewe uingie kwenye picha, hivyo akapiga yeye, wewe umesimama, umeweka mkono begani kwa mama. Ukanitumia bila kuitazama vizuri. Nakujua, uliangalia uso wako umetokaje, basi.

Niliifungua kwenye kompyuta ya bohari wakati wa chakula. Lenzi ya Adventina ni ile ya kawaida inayokuja na kamera, haiyeyushi kitu. Kila kitu kilisimama wazi, wewe, mama, kiti, migomba, hadi bondeni. Nikaanza kukuza picha ili nione ukali wa majani ya mbali, kwa sababu hicho ndicho nilichokuwa nakipima. Nikakuza kwenye kona ya kulia. Nikauona ule mbuni wa mashina mawili.

Na mbali chini yake nikaiona milamula, mimea yetu ya mpaka.

Audax, wewe na mimi tunajua mpaka wetu ulipita wapi. Ulipita upande wa juu wa ule mbuni. Juu yake kwako na nyumba, chini yake kwangu hadi kwenye mtaro wa maji. Katika picha milamula imesimama chini, mbali kabisa, karibu na mtaro. Tena si ile mirefu aliyoipanda tata. Ni vipande vilivyokatwa, vichwa vyake vimeota majani machanga. Ndivyo mlamula ulivyo, ukiukata na kuuchomeka kwingine unaota hapohapo kana kwamba ulizaliwa pale, na mtu asiyejua atasema mpaka umekuwa hapo miaka yote. Katikati, kwenye shamba langu, kuna rundo la matofali na msingi umechimbwa. Nilichobakiziwa kinatosha kufungia mbuzi.

Chakula sikukimaliza. Nilikupigia jioni ile nikiwa bado nakutafutia sababu. Nilisema moyoni labda kuna ugonjwa wa migomba, labda mama ameagiza, labda picha imenidanganya. Nikakuuliza kwa upole, kama mtu asiye na habari, upande wangu ukoje. Ukanijibu:

"Kama ulivyouacha, kaka. Juzi tu nimetandaza nyasi."

Ulinijibu bila hata kumeza mate.

Wahenga walisema asiyekuwapo na lake halipo. Huwa nausikia msemo huo ukisemewa majirani, watu baki, wajomba wenye tamaa. Sikujua ungekuja kunikuta kupitia kwako. Majirani wote wa Kanazi wanaupita ule mpaka na hakuna aliyeusogeza hatua moja. Amekuja kuusogeza mtu niliyekuwa namchagulia kamera.

Unaikumbuka siku ile ya kugawiwa shamba? Tata alikuwa tayari anatembelea fimbo. Aliwaita wazee wa ukoo na majirani wa pande zote, wakakaa, wakatafuna kahawa. Hakutaka sisi tutazame tu. Wewe ukashika mche, mimi nikakanyaga udongo, mlamula baada ya mlamula, hadi mwisho wa kibanja. Baba mdogo wa Muleba akauliza kwa nini asiwaachie vibarua. Tata akamjibu, na ulisikia kwa masikio yako:

"Nataka kila mmoja ajue mkono wake ulikuwapo."

Kwa hiyo ulipong'oa, uling'oa ulichokishika mwenyewe. Na hukuita mtu. Kama ulikuwa na shida ya mahali pa kujenga, ungeniambia. Labda ningekupa, Audax. Mimi ninayekujua wewe na ninayejijua mimi, nadhani ningekupa. Nimelala hapa miaka yote kwenye chumba cha watu wanane, kitanda cha juu, na kinachonilaza ni kujua kwamba kuna ardhi nitakayoirudia, nikifa nitaingizwa humo na watu wanaojua jina langu. Mtu wetu asiye na kibanja anazikwa wapi? Hapa wanatutuma kwa sanduku. Unataka Respicius siku moja alifikishe sanduku langu Kanazi, waanze kuulizana walishushe wapi?

Lakini hilo nalo ningelivumilia mpaka nije. Kilichonishinda ni mama.

Nilimpigia kesho yake kupitia simu ya jirani, ili isipitie mkononi mwako. Nilitaka kusikia anajua nini. Nilikuwa bado nasalimia, akanikatiza. Nakuandikia maneno yake kama alivyoyasema:

"Mwana wange, waitu kasinge, hongera mwanangu. Audax ameniambia matofali ni yako, unajenga. Nilikuwa namwomba Mungu nisife kabla sijasikia mlango wako ukifunguliwa."

Kumbe ndivyo ulivyomwambia. Mama haoni mbali, kila siku anasikia tofali zikishushwa nyuma ya nyumba, na wewe ukamwambia ni za kwangu. Anawahadithia wenzake wa jumuiya kwamba mwanawe wa Uarabuni anajenga. Na kwenye picha ulimkalisha akiwa ameupa mgongo msingi huo, ukamwekea mkono begani, mkatabasamu. Nilishindwa kumwambia. Nikamjibu, ndiyo mama, tunajenga. Umenifanya nimdanganye mama, mimi ambaye sijawahi. Hilo limenichoma kuliko ardhi.

Nimekasirika, nisikufiche. Siku mbili nilikuwa natamani nikulaani kwa jina la tata, Respicius akaniona nimekaa kitandani bila kuvua viatu, akadhani nimefiwa. Nilimwambia hapana. Sikuona jinsi ya kueleza kwamba ndugu yangu yuko hai na nimempoteza.

Sasa nisikilize. Kamera nimenunua. Nilikuahidi na ahadi yangu haijahamishwa. Nimechukua ya pili, ile nyepesi, yenye kadi mbili. Sababu zile za mvua na betri bado zipo, lakini zaidi nimeichukua kwa sababu ndiyo iliyonionyesha nyumbani kwetu palivyo. Respicius anayo kwenye begi lake. Hatakupa wewe. Akitoka kwako anaipeleka Kemondo kwa Adventina, naye ataitunza.

Kwanza umwite baba mdogo kutoka Muleba na wale wazee waliobaki, na majirani wa pande zote, kama alivyofanya tata. Mbele yao urudishe milamula juu ya ule mbuni, kwa mikono yako. Upande wangu wa kukanyaga udongo umwombe baba mdogo anikanyagie. Matofali yaondoe upeleke upande wako, sina haja nayo hata moja. Kisha Adventina aje na kamera. Mkae palepale, wewe na mama, lakini kiti cha mama kigeuzeni atazame bondeni. Apige bila kuyeyusha chochote. Nikiipata picha hiyo, kamera ni yako, na mimi nitajaribu kuwa kaka yako tena, ingawa sijui itanichukua muda gani. Usipofanya, nitakuja mwenyewe na picha zote nne, tukutane mbele ya ukoo, na hapo sitakuwa na upole huu.

Nisalimie shemeji, mwambie simlaumu, labda na yeye ulimwambia matofali ni yangu. Wasalimie watoto, na yule jirani aliyeniazimia simu. Msalimie baba mdogo utakapomwita. Katekista wetu mwambie zile rozari alizoniagiza zimo kwenye mzigo wa Respicius.

Mama usimsomee barua hii. Tulipokuwa tunaagana kwenye simu aliniomba kitu kimoja. Alisema anatamani ashikwe mkono, apelekwe bondeni, akayapapase matofali ya mwanawe. Mpeleke. Ila kabla hajayagusa, mwambie kwa kinywa chako ni ya mwana yupi.

Ni mimi kaka yako, niliyekanyaga udongo wakati wewe umeshika mche,

Pontian