Mbegu Iliyobaki Stoo

Jumanne, Kitale

Mahindi ya Mama Nafula yameota, na mimi badala ya kushukuru naona aibu.

Mwezi jana, mashamba yakiwa vumbi tupu, nilisimama kanisani nikawaambia akina mama wapande tu, Mungu ameahidi mvua na yeye hadanganyi. Mama Nafula, mjane wa mtaa wa Kipsongo, akaenda akapanda mbegu yake yote. Yangu nikaifungia stoo. Niliogopa. Je, mvua ikikosa...

Leo amenipitia akicheka. “Dada, si ulituambia! Na yako umepanda wapi?”

Nikaonyesha nyuma ya nyumba.

“Basi kesho nakuja tupalilie pamoja.”

Nikamwambia asante. Ati asante!

Mungu ametimiza neno lake. Kesho Mama Nafula anakuja na jembe, na huko nyuma hakuna cha kupalilia.