Usiiguse Kompyuta ya Dada Yako

Mjukuu wangu,

Asubuhi hii dada yako kanieleza huku analia: umeingiza mfumo endeshi wa pili kwenye kompyuta yake, na ripoti yake ya chuo, ya kukabidhi kesho, imefutika. Eti mifumo miwili itakaa humo kwa amani! Mashine yenyewe ilikuuliza, "Nifute vyote?" Ukabonyeza ndiyo. Mashine imekushinda adabu. Wewe hukumuuliza mwenye mali.

Usiiwashe! Fundi kasema kwenye simu, ukizidi kuichezea, hata kinachookoleka kitapotea. Naenda kumleta mwenyewe.

Chai yako ~~iko kwenye chupa~~ kachemshe.

Umezoea kuniita mkeo. Leo nadai talaka.

Dada yako kalia weee, ndiyo kwanza usingizi umemchukua. Ole wako umwamshe.

Bibi yako