Mizani ya Kahawa na Mkono wa Wekesa

Mpendwa Mama Wekesa,

Unakumbuka asubuhi nilipombeba Wekesa, ana siku tatu tu, nikampeleka kiwandani palipopimwa kahawa? Ulikuwa mwaka wa kwanza wa hali ya hatari, siku za Mau Mau. Sisi tuliotoka Bungoma tulitembea Ruiru hadi Thika bila kuulizwa, majirani wetu Wakikuyu wakiomba vibali, nami nikawa na kiburi cha mtu asiyeulizwa. Nyapara alimlaza kwenye mizani. Mshale ukasimama kwenye ratili kumi na moja.

"Huyu si mtoto, ni gunia!" alipiga kelele, na wachumaji wakashangilia.

Wewe, ambaye hata kutembea kulikuwa taabu, ulisimama mlangoni. "Baba Wekesa, mkono wake wa kulia haushiki kitu."

"Utashika," nilikujibu. Haukushika kamwe.

Mimba ya pili ilikuja na kiu. Ulimaliza mtungi kabla ya adhuhuri, na sisimizi wakajaa pale ulipokojoa nyuma ya nyumba. Cucu, yule bibi mkunga wa Kikuyu aliyemvuta Wekesa, aliwaona akanijia.

"Mkojo wake una sukari. Huyu atakuwa mkubwa kuliko yule. Mpeleke hospitali Thika, akae huko mpaka ajifungue."

"Wa kwanza si alipita?"

"Alipita akaacha mkono. Wa pili ataacha nini?"

Nawe uliniambia mara tatu, "Nipeleke Thika." Lori la shamba lilikwenda huko kila asubuhi. Hukuzuiwa na Mzungu wala askari, nilikuzuia mimi. Sababu sijawahi kuitamka hadi leo: nilitaka azaliwe karibu na mizani. Nyapara alikuwa ametangaza kwamba safari hii mshale utavunjika, nami nilipigwapigwa mgongoni kwa pongezi kila nilipopita, kama fahali wa maonyesho.

Saa nne asubuhi kichwa kilitoka. Mabega yakakataa. Cucu alikukunja magoti mpaka kifuani, akavuta, akamwita Mungu kwa Kikuyu. Nilikimbilia lori nikakuta limeshaondoka. Niliporudi mtoto alikuwa ametoka, mkubwa, rangi ya zambarau, kimya. Damu yako haikukubali kusimama. Ulinishika shati.

"Huyu usimpeleke kwenye mizani."

Sikumpeleka. Katika yote uliyoniomba, hilo pekee nililitimiza.

Nimesoma vitabu vingi tangu hapo, hata vya udaktari. Hakuna alichosema Cucu ambacho sikukikuta humo. Bungoma sijarudi; mama yako angeniuliza, na jibu nilikuwa nalo. Mwezi uliopita nilifika Ruiru. Pale tulipowazika pana nyumba za vigae na lango. Mlinzi alifungua daftari lake, akaniita babu kwa Kikuyu. "Guka, unamtembelea nani?" Nikamwambia, Mama Wekesa. "Nyumba namba ngapi?" Nikageuka.

Macho yangu hayaoni tena herufi, kwa hiyo barua hii nimeitamka, na Wekesa ameiandika kwa mkono wa kushoto. Tulipofika pale nilipotaja sababu, kalamu ilinyamaza. Nikangoja anitukane. Aliomba tu nirudie sentensi ile, polepole, asije akakosea neno.

Lala, mama. Msamaha sikuombi, wewe uliomba Thika mara tatu.

Baba Wekesa