Nilimtukana Mpika Sabuni, Kumbe ni Maji

Mpendwa mshauri, naomba msaada, na unisamehe mwandiko maana shule niliachia darasa la nne. Mimi ni mama wa hapa Ekalakala, na mwaka huu zamu ya kufua vitambaa vya altare ni yangu, nikafua kwa roho yote na sabuni ya mche anayopika jirani yangu Ndinda, lakini tangu tuanze kuteka maji ya kile kisima kirefu cha mashine povu halitoki, inatoka kitu kama maziwa yamekatika, inashika kwa karai, na vitambaa vikawa vya kijivu, vigumu kama gunia. Mwenyekiti wetu wa akina mama akaniuliza mbele ya watu, "Kwani ulifulia matopeni?" Nikatoka hapo na hiyo aibu mpaka sokoni, nikamwambia Ndinda wateja wakisikia, "Wewe unatupikia unga na majivu!" Akasema, "Mama Mueni, hii ni ile ile umefulia miaka kumi." Sikumsikiza. Na kwa vile wengine pia sabuni ilikuwa inawagandia, wakaniamini, sasa ni wiki ya tatu hakuna mtu ananunua kwake.

Halafu Mueni wangu wa kidato cha tatu akafunga shule, akachukua chupa mbili, moja maji ya mvua, moja ya kisima, akatia sabuni ya Ndinda kwa zote, akatikisa. Mshauri, ya mvua ilijaa povu mpaka shingoni! Ya kisima ikakaa na utando tu. Akasema, "Mwaitu, mama yangu, sabuni haina makosa. Haya maji yamepita kwa mawe yakabeba chokaa, hiyo chokaa inashika sabuni kabla ifikie uchafu." Nikamuuliza huwa inafikiaje, akasema kila kachembe ka sabuni kako na kichwa kinapenda maji na mkia unapenda mafuta, mikia inazama kwa mafuta ya uchafu, vichwa vinavutwa na maji, uchafu unang'oka. Nikakaa chini. Miaka ishirini na sita nafua, mikono iko ndani ya kitu kikubwa hivyo, na mimi nilidhani ni nguvu ya kusugua! Mpaka saa hii nikinawa naangalia povu kama mtoto. Lakini nikimwona Ndinda napita njia ingine. Nimwendee vipi? Ama ningoje watu wasahau wenyewe?

Mama Mueni, Ekalakala

Mama Mueni,

Barua yako imenifanya niende kunawa mikono nikitazama. Ulivyoshangaa ni vizuri, na huyo msichana usimzuie kusoma.

Sasa nikugombeze. Watu hawatasahau. Ulisema kwa sauti, na ukinyamaza watazidi kuamini. Aibu yako ya siku moja umembebesha mwenzako wiki tatu!

Kuhusu vitambaa: chukua magadi, yale ya kupikia mahindi, yeyusha kwa maji ya kisima, acha yatulie mpaka chokaa ishuke chini. Chuja yale maji ya juu kwa kitambaa ndipo utie sabuni. Suuza na maji ya mvua.

Kuhusu Ndinda: nenda siku ya soko, watu wakiwa wamejaa, na Mueni abebe chupa zake. Lakini usianze na chupa. Anza na "Ndinda, nilikukosea," maana kemia haitakuombea msamaha. Akikugombeza, usijitetee. Simama hapo mpaka amalize.