Jembe na Ng'ombe Wawili

Iringa, Jumanne, Julai 1955

Baridi ya leo inakata masikio, lakini mimi ninachemka. Nikinyamaza nitapasuka, basi naandika.

Baba anauza shamba lake la tumbaku arudi kwao Ugiriki. Mwenyewe aliniahidi tutakwenda wote, nikasomee umakanika, mradi kwanza nitambuliwe kuwa raia wa kwao kwa damu yake. Leo alifika mjini mwakilishi wa serikali yao. Tukaenda watatu: baba, mimi na mjomba, kaka yake mama, aliyeshuhudia mahari.

Mwakilishi akauliza kama baba alimuoa mama. Mjomba akavua kofia, akasimama.

"Alileta jembe, bwana, akaleta na ng'ombe wawili. Baba yetu akapokea. Mke ni wake, mtoto ni wake."

Kwetu Wahehe hapo maneno yamekwisha. Mahari ikishapokelewa, mtoto ni wa ukoo wa baba. Ndiyo maana sijawahi kudai hata tuta moja kwa wajomba zangu huko Idodi.

Mwakilishi akamgeukia baba. Je, hiyo ilikuwa ndoa?

Baba akatazama viatu vyake. "Ni desturi yao tu."

Yao!

Miaka yote hii anakula ugali wa mama, homa ikimshika ni mama anayemkanda, leo anasema "yao". Nilitamani kuipiga teke ile meza. Mwakilishi akasema pole, bila ndoa hakuna uraia.

Nje mjomba akairudisha kofia kichwani. "Kama hakuoa, basi wewe ni wetu. Twende Idodi nikakukatie shamba."

Nampenda mjomba, lakini leo naye amenichoma. Nikilipokea shamba hilo nimekubali kwamba mama hakuolewa, alikaa tu kwa Mgiriki. Mama ambaye kwenye kila harusi ya ukoo huketi na wake za watu, kichwa juu!

Baba amelala hotelini na Wazungu wenzake. Mimi na mama tumefikia kwa mjomba, nyumba yake ya hapa mjini. Mama ameniuliza mara mbili mambo yamekwendaje, nami nimesingizia kichwa kinauma. Sasa yuko jikoni, anaimba.

Shamba silitaki. Ugiriki nayo siitaki tena. Kukipambazuka nakwenda hotelini kumtoa mzee, nimlete hapa hapa. Neno lile aliseme mbele ya mama, akimtazama usoni.