Alama ya Buluu

Leeds, 11 Januari 1987

Mpendwa Babu,

Shikamoo. Goti lako linaivumiliaje theluji hii? Mimi mzima, ingawa mafua ya ofisini yananinyemelea.

Mwenye ardhi ya Thornrigg anataka kujua kabla ya Machi nani atalikodi shamba baada ya Baba. Siku ya Krismasi nilimwambia Baba kwamba mimi nabaki huku Leeds, shamba achukue binamu Rowland. Akanitazama, akasema, "Chai imeshaiva." Hakupinga. Kwa hiyo nimemwandikia mwenye ardhi kuwa Baba amekubali, tacitly. Wewe uliyefundisha Kiingereza miaka arobaini, niambie kama neno limekaa sawa. Barua ikishatumwa, shamba limeondoka mkononi mwangu.

Mjukuu wako,
Hester


Thornrigg, 19 Januari 1987

Mjukuu wangu Hester,

Marahaba. Goti linaitabiri mvua kuliko redio, na mengine yote yanaenda. Kunywa asali na limau.

Neno lenyewe ni zuri. Maana yake ni kukubali bila kutamka. Lakini si kila anyamazaye amekubali. Mwingine amezibwa mdomo na uchungu, mwingine hajaelewa, mwingine ni mtu wa bonde letu tu, maneno kwake ni haba. Chukua mfano wa jirani Ernest Peacock. Tangu vita viishe tunakatiza malisho yake kwenda kanisani, wala hajawahi kutuambia piteni. Ila ngazi ya mawe ya kuvukia ukuta ilipobomoka, aliijenga upya mwenyewe, na akaongeza kidato kwa ajili ya goti langu. Hapo neno lako linakaa. Alijua tunapita, aliweza kukataa, na mikono yake ikajibu. Kimya peke yake hakitoshi, mjukuu wangu. Tazama mikono imefanya nini.

Basi nikaenda kuitazama mikono ya baba yako. Jumapili nilimkuta zizini na kopo la rangi. Unawakumbuka kondoo arobaini aliokupa ulipotimiza miaka kumi, wenye alama yako ya buluu begani? Akifa mmoja, huweka mwanawe mahali pake. Alikuwa anaikoleza buluu hiyo, mmoja baada ya mwingine.

"Alwyn," nikamwambia, "si umekubali mtoto abaki mjini?"

"Nani kasema?"

"Yeye. Anasema hukupinga."

"Hakuniuliza, mzee. Alinitangazia. Mtu ukitangaziwa utafanya nini? Unamimina chai."

Barua usiipeleke kwanza. Wala usinitume kwa baba yako. Mimi ni mkwe, si posta. Njoo mwenyewe.

Babu yako,
Ambrose


Leeds, 16 Februari 1987

Mpendwa Babu,

Shikamoo. Mafua yalinipata, yameondoka. Nisamehe kwa kukaa kimya wiki nne. Niliona haya, na Jumamosi haya ikaisha nikapanda basi. Sikupita kwako kwa sababu ningekutuma uniombee.

Baba alikuwa zizini. Nikamuuliza, "Baba, utaniruhusu nibaki Leeds?"

Akafunga lango, akalifungua, akalifunga tena. "Na nikisema hapana?"

"Tutakaa tuzungumze."

"Mazungumzo alikuwa nayo mama yako. Mimi nina kondoo. Hebu nishikie huyu."

Nikamshika. Akachovya brashi kwenye rangi nyekundu, alama yake, akapaka juu ya buluu yangu. Akaja wa pili, wa tatu. Nililia, Babu, ila mvua ilinisitiri. Alipomaliza wa thelathini na tano akafunika kopo.

"Rangi imeisha?"

"Haijaisha," akasema, akaenda jikoni kubandika birika.

Watano wamebaki na buluu. Sikumuuliza kwa nini. Nilichukua kopo la buluu rafuni nikawakoleza wote watano rangi begani, naye ananitazama dirishani. Nilipoingia, chai yangu ilikuwa mezani, na buti zangu za zamani zimepakwa mafuta.

Barua ya mwenye ardhi nimeituma, neno lile limo. Kazini nimeomba likizo ya wiki mbili za Aprili, kondoo wakianza kuzaa. Baba sijamwambia. Anajua.

Mjukuu wako,
Hester